Kilio cha Wimbo wa Nne

Dada Mwajuma, shikamoo. Upepo wa Dodoma umenijaza vumbi mpaka masikioni.

Leo mchana, kwenye kibanda cha mishikaki hapa Chang'ombe, nimekuta mashabiki wa Zeze na Nondo, ile bendi yetu ya zeze na magitaa ya fujo, wakigombana juu ya albamu ya pili, ile isiyopendwa na mtu. Nikavuta kiti kuitetea. Nikawaambia kile kilio cha wimbo wa nne ni uchungu wa mkulima aliyekosa mvua. Nusura nilie mwenyewe.

Mzee wa meza ya jirani akaweka mshikaki chini. Kumbe ndiye mpiga zeze wao! Akasema, "Mwanangu, yule ni mbuzi wangu. Tulirekodia kando ya zizi, akakataa kunyamaza."

Kisha shabiki mmoja akauliza, kwa heshima zote, kama mbuzi yumo kwenye albamu ya tatu.

"Tulimla siku ya uzinduzi."

"Ndiyo maana ya tatu imepooza!"

Dada, wewe ulisema ni mbuzi tangu siku ya kwanza, nami nikakununia Idi nzima. Nisamehe, na unibusie watoto. Lakini ulisema pia hajui kuimba, na hapo sikubali.

Mdogo wako, Hamisi