Wa Pili Kushuka

Muskati,
Ijumaa, baada ya Swala

Kwa mamangu, Bi Mwanaisha,

Shikamoo Mama. Lau ningekuwa karibu ningeubusu mkono wako kwanza, kisha ningekaa mkekani nikangoja uniulize unachotaka kuniuliza. Kwa kuwa niko mbali, naanza mimi. Mgongo wako vipi? Ule mguu unaovimba, Rukia anaukanda kwa mafuta ya nazi, au anakimbilia kwa mumewe Magarini kabla hata hajaosha vyombo? Na huko ndani edani, unapata japo upepo wa uani? Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na hilo sikufichi.

Rukia, dada yangu, wewe ndiye msomaji, nami nakujua. Ukifika pahali pagumu unaruka mistari, unasema, "Hapa hajaandika kitu." Leo usiruke. Mama akikwambia nyamaza, nyamaza, mpe maji anywe, kisha uendelee pale ulipoachia.

Mama, barua aliyoniandikia Rukia imenifika. Ndani yake mna maneno yako, nayo nimeyasoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Ulisema: "Aliyetua Malindi mara nne asiweze kuvuka barabara kuja kunisalimu, asije sasa kulilia kaburi." Nilipigwa na butwaa. Nilidhani labda msiba umekuvuruga akili, nisamehe kwa kudhani hivyo. Maana mimi, tangu likizo ile ya harusi ya Rukia, sijakanyaga Malindi. Wallahi sijakanyaga, si kwa ndege wala kwa basi.

Nilitaka kukujibu siku ile ile kwa hasira. Nilianza barua nikaichana. Namshukuru Mungu niliichana, kwani wiki iliyofuata ilinijia barua ya Charo, na hapo nikajua ulikuwa ukisema nini. Lakini acha nianzie mwanzo, ulijue na kosa langu, kwani lipo.

Charo unamkumbuka. Yule kijana wa Kigiriama, wa huko huko Magarini, mrefu kama mimi, tuliyesoma naye urubani. Alikuja nyumbani mara moja akamaliza sahani tatu za biriani, ukamwuliza kama kwao kuna njaa. Basi tulikuwa naye huku Muskati, kampuni moja, sote marubani wa pili, yaani wa kukaa kiti cha kulia. Kapteni hukaa kushoto. Mwaka jana alikuja chumbani kwangu mbio mbio na habari: kuna kampuni ndogo ya nyumbani inatafuta marubani, ndege zake ni za watu kumi na wanane, zinatoka Mombasa zinapitia Malindi zinakwenda Lamu. "Salim, twende zetu," akaniambia. "Mzee wako anakungoja pale uwanjani tangu hujajua kutembea."

Na alisema kweli. Ninyi nyote mnajua Baba, Mola amrehemu, alivyokuwa na ule uwanja wa ndege. Fundi cherehani mzima, mwenye kushonea kanzu nusu ya mji, lakini kazi aliyojivunia ni ule mfuko wa upepo, ule wa rangi ya chungwa unaoning'inia mlingotini kuwaonyesha marubani upepo unavuma kutoka wapi. Kila jua na chumvi vilipoula, aliitwa yeye ashone mwingine. "Mwanangu atatua akiutazama mshono wangu," akisema, mpaka watu wakimcheka. Lakini ndege zetu za huku ni kubwa, uwanja wa Malindi hauzichukui. Miaka saba nimeruka Bombay, Karachi, Kairo, na mshono wa Baba sijauona kutoka juu hata siku moja.

Utaniuliza, mbona basi sikwenda na Charo? Mama, sisi marubani tuna orodha. Imebandikwa ukutani ofisini, majina yamepangwa kwa siku mtu aliyoajiriwa. Aliyetangulia kuingia ndiye mkubwa, hata awe mpumbavu, na ukapteni hutolewa kwa kufuata orodha hiyo. Ukihama kampuni jina lako linafutwa, na kule uendako unaanza chini kabisa, nyuma ya vijana waliomaliza masomo juzi. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka juu. Wazee wawili tu waondoke, kiti cha kushoto ni changu. Charo alikuwa wa kumi na nne, hakuwa na kubwa la kupoteza. Nikamwambia atangulie, mimi nitafikiri.

Nilifikiri sana. Nilifikiri miezi na miezi, Mama, kama mtu anayechagua kanzu ya Idi huku Idi inapita.

Baba aliniandikia, kwa zile herufi zake za Kiarabu zilizokuwa nzuri zamani, sasa zinapanda na kushuka. Alisema amesikia uwanjani habari za kampuni mpya. "Waja lini? Macho yangu yaingia ukungu." Nikamjibu asubiri kidogo, wakubwa wawili wastaafu, niwe kapteni, ndipo nije kwa heshima. Akanirudishia mstari mmoja tu: "Kwani ukija rubani wa pili nitakufungia mlango?"

Miezi mitano sikuandika hata salamu. Huo ndio ukimya wangu uliokuwa ukiulalamikia, Mama. Haikuwa kazi, wala haikuwa posta. Ilikuwa aibu.

Sasa sikiliza alivyoniandikia Charo.

Anasema siku ya kwanza aliyotua Malindi alimkuta Baba amesimama penye uzio, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani, bakora mkononi. Alikuwa akienda kila siku ya ndege, na wafanyakazi wa uwanjani walikuwa wamekwisha kumzoea. Charo alishuka na shati lake jeupe na kofia ya kazi, mashine moja bado inanguruma nyuma yake. Akamwendea kumwamkia, kama adabu itakavyo. Baba akamshika mabega, akaipapasa ile mistari ya begani, akapaza sauti wachukuzi na abiria wote wasikie: "Salim! Si niliwaambia? Mwanangu huyu!" Kisha akalia. Charo anasema alifungua kinywa amwambie siye. "Ningemwambiaje, Salim, mbele ya watu wote wale? Nikasema, naam Baba."

Baba akamwuliza, "Umeuona mshono wangu?" Charo akamjibu ameuona, umenyooka. Walikaa pamoja dakika kumi, ndege ikaondoka kwenda Lamu.

Alidhani yatakwisha siku ile. Wiki iliyofuata Baba yupo tena pale pale, na kipande cha halua kwenye karatasi. Kila mara Charo akijiambia, leo namwambia, na kila mara alishindwa. Mara ya nne Baba akamwuliza, "Mamako je? Mbona huendi kumsalimu?" Charo akasema hana nafasi, ndege haingoji.

Uongo huo ndio uliokufikia wewe. Baba alivuka barabara na furaha yake, akakwambia Salim kapita, ukabaki unasikiliza mlango. Wewe hukwenda uwanjani. Mguu haukukuruhusu, na isitoshe, mwana ndiye anayemwendea mamake. Rukia ameandika kwamba kila siku ya ndege ulikuwa ukipika mkate wa kumimina, na jioni unawagawia majirani. Mama, hapo ndipo nilipoiweka barua chini nikalia kama mtoto. Mtu wa kuula mkate ule alikuwa huku, amekaa chini ya orodha ukutani akingoja wazee wa watu waondoke.

Mara ya tano Charo alitua, Baba hayupo. Mchukuzi mmoja akamwendea, akamshika mkono: "Pole, ndugu. Babako tumemzika jana alasiri." Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakampa mkono wa rambirambi, naye akapokea. Pole zangu alizipokea Charo.

Mimi siku ile nilikuwa Bombay. Telegramu ya Ami Said ilikaa kwenye kijisanduku changu cha barua pale ofisini, siku tatu nzima. Niliporudi niliitoa pamoja na ratiba za safari na tangazo la sare mpya. Niliisoma nimesimama. Baba keshalala chini, hitima imeshasomwa, na mimi nimeshika tangazo la sare.

Barua ya Charo nilipoimaliza nilimtukana, peke yangu chumbani, matusi yale yale ya Kigiriama aliyonifundisha mwenyewe. Kisha nikachoka. Nikajiuliza, kwani amenikosea nini huyu? Amesimama pahali nilipopaacha wazi. Baba amekufa akijua mwanawe ametua, na aliyempa hilo si mimi. Sijui kama hilo linanifariji au linaniua. Siku nyingine hili, siku nyingine lile.

Mama, nakuomba usimchukie Charo. Ana hofu ya kuja kwako. Aliniuliza kama aje akuombe radhi, nikamwambia angoje kwanza nikueleze mimi. Deni la ile mikate ni langu, si lake.

Lipo jambo jingine. Jumatatu iliyopita jina langu lilifika juu ya orodha. Mzee mmoja amestaafu, mwingine kahamia Ulaya. Mkubwa wetu aliniita ofisini, akaniwekea mezani mkataba wa ukapteni na bahasha yenye zile alama za begani, mistari minne. Niutie saini, niwe wao miaka mitano. Nilisimama pale nikangoja nifurahi, Mama. Furaha haikuja. Nilimwona Baba akipapasa mabega ya Charo kwa vidole vyake vya kushika sindano. Mistari ya Charo ilikuwa mitatu, na Baba hakuuliza wa nne uko wapi.

Nikairudisha bahasha. Mkubwa wetu alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. "Unakwenda kuruka vile vipanzi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Kampuni ya Mombasa niliipigia telegramu siku ile ile, nayo imenijibu, wamenikubali. Naanza chini kabisa. Na huyo Charo aliyekuwa wa kumi na nne huku, kule amenitangulia. Mwezi jana wamempa ukapteni. Kwa hiyo yeye atakaa kushoto, mimi kulia, na akiniambia nibebe mkoba wake nitabeba. Rukia, cheka, nakuruhusu. Najua umekwisha kuanza.

Huku sharti nitoe notisi ya miezi mitatu. Nimeitoa Jumanne. Nimehesabu, na eda yako nayo imebakiza karibu hiyo hiyo miezi mitatu. Wewe umefungwa na msiba, mimi nimefungwa na karatasi, na tutatoka karibu pamoja. Hilo nalishika kila asubuhi ninapovaa sare.

Ulisema nisije kulilia kaburi. Nimesikia. Ikiwa bado hutaki kuniona, nitakuja vile vile, nitakaa kwa Ami Said, na kila siku nitapita mbele ya mlango wako mpaka utakapoudhika ukaniita ndani unitukane. Nitukane nikiwa mbele yako, Mama. Huku mbali yanauma zaidi.

Cherehani ya Baba msimpe mtu. Charo anasema mfuko wa mwisho alioushona ungali mlingotini, umeraruka mkiani, na nyuzi nyingine alizipitisha ovyo, naona ni kwa sababu ya macho. Waambieni watu wa uwanja wasiushushe. Nataka kuuona mara moja kutoka juu, kisha nitautia kiraka mimi. Kushona kanzu sikujifunza, lakini kiraka alinifundisha.

Nisalimie Ami Said, umwambie telegramu yake nimeitia ndani ya Msahafu wangu. Nisalimie shangazi wa Mambrui, na shemeji yangu wa Magarini anayemvumilia Rukia. Nisalimie maalim aliyemwosha Baba, umwambie mwana wa marehemu atakuja mwenyewe kumshika mkono. Na majirani waliokula ile mikate, wote, nawasalimu. Ilikuwa halali yao.

Neno la mwisho, Mama, nami namuomba Rukia alisome polepole.

Eda yako ikiisha, na Mungu akikupa nguvu, Rukia akushike mkono mvuke barabara. Simama pale pale penye uzio, aliposimama Baba. Ndege ikisimama, wa kwanza kushuka atakuwa Charo, kwani ndiye kapteni. Ni mrefu kama mimi, kofia yake ni kama yangu. Mpe mkono, umshukuru. Mara nne alimfurahisha mzee wako. Halafu usigeuke kurudi nyumbani. Ngoja kidogo.

Wa pili kushuka ndiye mimi.

Mwanao anayekuomba radhi,
Salim