Daftari la Siku Njema: Kwa Mjukuu Wetu Taratibu, Dereva wa Lori

Mwaka umetimia juzi, mjukuu wangu, tangu uliposogeza lori pembeni ya barabara, ukavuta breki ya mkono, ukawasha taa za tahadhari, kisha ukalaza kichwa kwenye usukani usikiinue tena. Madereva waliokukuta walituambia tela lilikuwa limenyooka vizuri, nje kabisa ya njia ya watu. Hata siku ile hukutaka kumsumbua mtu.

Pale yadi walikuita Taratibu. "Taratibu, wenzako wamefika tangu jana!" Nawe uliwajibu, "Na mimi nimefika mzima, ugomvi uko wapi?" Gari la mwenzako likiharibika njiani, ulikuwa wa kwanza kusimama, na maji yako ya kunywa ulimwachia yeye.

Ulikuwa ukija kwangu unavua buti nje, hata nikikuambia ingia nazo. Uliniletea kile kigoda kirefu ili nisiiname nikichambua mboga. Mkeo akilalamika kwamba unampenda bibi kuliko yeye, ulimwambia, "Wewe nilikutafuta mwenyewe. Huyu nilipewa, siwezi kumrudisha." Tulicheka mpaka binti zako wakatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Na kila ulipofika mwisho wa safari ulinipigia simu. "Bibi, nimefika. Magurudumu yote ishirini na mawili yapo." Nami nilikujibu, "Yahesabu tena." Simu hiyo bado naingoja. Natembea na simu mfukoni mwa aproni, hata nikienda kuanika nguo.

Presha yako ilionekana miaka mitano iliyopita, kampuni ilipowapima madereva wote. Nesi alirudia kukupima mara tatu, akidhani mashine imeharibika. Daktari akakupa vidonge vya aina mbili, kimoja kikiwa cha kupunguza maji mwilini. Akakuambia unywe kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Ulirudi ukiwa na maneno yako tayari: "Bibi, hiki cha maji kitanishusha kwenye lori kila baada ya nusu saa. Tani thelathini haziegeshwi kama baiskeli." Nikacheka. Mjukuu wangu, nilicheka.

Sasa nitasema tulichofanya, wewe na mimi, kwa sababu najua wapo wanaofanya hivyo hivyo leo.

Kila baada ya miezi mitatu kampuni ilitaka upimwe ndipo uruhusiwe kushika usukani. Siku tatu kabla ya hapo ulikuja kwangu. Ulilala. Nilikupikia bila chumvi. Simu yako niliifungia kabatini. Vidonge ulivinywa kwa saa zake, mimi nikiwa nimesimama na glasi ya maji. Asubuhi nilikufunga mkanda wa mashine yangu mkononi, nikasubiri itulie, nikaandika kwenye daftari lenye mistari. 128 kwa 82. Siku nyingine 126 kwa 80. Nilijivunia namba zile kama mwalimu anayejivunia darasa lake. Ukipimwa unafaulu, unarudi barabarani, na paketi ya vidonge inabaki ndani ya begi mpaka miezi mitatu mingine.

Nilijua. Nisijifiche nyuma ya uzee. Nilikuwa nikifua nguo zako na kupanga begi lako, nikaiona paketi ikirudi vile vile ilivyoondoka. Nilijiambia kwamba maadamu mashine inasema mambo ni mazuri, basi ni mazuri.

Daktari naye uliyemwendea na daftari lile alifungua kurasa, akafurahi. "Namba nzuri. Bibi anakutunza. Tuendelee na dozi hii hii." Ulinipigia simu kutoka kwenye korido ya kliniki unipe sifa zangu.

Baada ya kukuzika nililipeleka daftari kwake. Sijui nilikuwa natafuta nini. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Bibi, hizi zilipimwa siku gani?"

"Siku za mapumziko, akiwa kwangu."

"Na za safarini?"

Sikuwa na hata moja. Miaka yote minne. Hakunifokea. Alifunga daftari, akanivutia kiti, akanisindikiza mpaka nje akiwa amenishika mkono. Afadhali angenifokea.

Lakini leo sikuandikii hayo tu. Nakuandikia kwa sababu mdogo wako ndiye aliyepewa lori lako. Na presha anayo.

Mwezi uliopita aliingia na begi, akalitupa kwenye kitanda chako. "Bibi, nimekuja karakana kwako, unitengeneze. Zimebaki siku tatu nipimwe. Nifanyie ulivyomfanyia kaka."

Nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Hapa sikupimi. Nitakupima siku unayoshuka kwenye lori, na jasho lako."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka wewe unizike mimi."

Aliondoka bila kunywa chai niliyokuwa nimeshammiminia. Akaenda kupumzika kwa rafiki yake, akapimwa, akafaulu.

Basi nilitia mashine kwenye mkoba nikaenda yadi. Mlinzi wa geti alinipa kiti chake mwenyewe na yeye akasimama kutwa, Mungu amweke. Madereva wenzako walinizoea upesi. "Bibi Presha kafika, kunjeni mikono!" Mmoja mnene akaniuliza, "Nikikutwa presha imepanda utanichapa?" Nikamwambia, "Nitakuchapa na mkeo nitamwambia." Alikuwa na 174. Mzaha ukamwishia hapo hapo, akaomba ruhusa, akaenda kliniki. Nilimwangalia akivuka barabara nikalia, kwa sababu jambo lilikuwa rahisi hivyo, na wewe sikukufanyia.

Mdogo wako alikuwa akipita geti la nyuma. Wiki mbili nilimwona kwa mbali tu, mgongo wake.

Jumatano iliyopita tela liliharibika likaziba geti la nyuma. Ikambidi apite kwangu. Wenzake walisimama wanatazama, akaona haya, akashuka. Mkono wake ulikuwa wa moto. 192 kwa 118.

"Nimechoka tu, Bibi," akasema. "Nikilala siku tatu itashuka."

Ni maneno yako, mjukuu wangu. Hata sauti ilikuwa yako.

Nikatoa kalamu.

"Usiandike hiyo."

Nikaandika. Akajivua mkanda, akapanda, akawasha gari. Mzigo ulikuwa umeshapakiwa. Nilishika mpini wa mlango wa lori. Mimi, kwa umri wangu huu, nilining'inia mlangoni mbele ya watu nikimwita kwa jina alilopewa na mama yenu, mpaka mlinzi akanibandua vidole kimoja kimoja akiniambia, "Basi, Bibi. Basi, mama yangu." Vumbi likanijaa mdomoni.

Nilirudi nyumbani nikaweka simu mezani nikaikodolea macho. Alasiri ikalia.

"Bibi." Alikuwa kwenye foleni ya mizani. "Ile namba ilikuwa ngapi?"

Nikamsomea.

"Kaka naye alikuwa hivyo?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu. Sikuwahi kumpima siku kama hiyo."

Nilisikia injini ikinguruma, na nyuma yake honi za watu wanaotaka asogee. Kisha nikasikia injini inazimwa.

Dereva mwingine ndiye aliyelifikisha lori. Mdogo wako analala kitandani kwako, na vidonge vimebadilishwa. Namba bado ziko juu. Hatujui kama ataruhusiwa tena kuendesha, na hajui kazi nyingine. Kuna siku hasemi nami hata neno. Nampima asubuhi na jioni, siku mbaya na siku njema, na zote naziandika. Kila nikibonyeza mashine naogopa, Taratibu. Naogopa mno. Kama huko uliko kuna namna ya kumshikilia mtu, mshikilie. Mimi mikono yangu umeiona, imeshabanduliwa mara moja.

Nilimuuliza kama anaridhia niyaandike haya gazetini. Asubuhi yake alikuja jikoni, akakunja mkono wa shati mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chako. Akasema, "Andika. Na namba yangu iandike."

Nimeiandika.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye buti zako hajazitoa mlangoni, binti zako wawili, mama yako, mdogo wako, mlinzi wa geti na madereva wenzako wa yadi, na mimi bibi yako, ambaye bado nahesabu magurudumu.

Maisha yetu yote, Taratibu, hutatutoka moyoni.