Jini Anayepiga Mluzi

Shoga, nimetoka kwa daktari wa meno sasa hivi. Nimeumbuka!

Yule jini wa hadithi zangu, anayempenda mjane na kupiga mluzi akiona haya? Ule mluzi niliuiba kwa huyu daktari. Na kwamba mwandishi ni mimi, unajua wewe tu.

Sasa nimelala pale, mdomo umejaa pamba, nesi wake anamwambia, "Nimemaliza kitabu cha nne. Jini kamkimbia mjane! Mwoga mkubwa!"

Nikajisahau. Nikabwata na pamba zangu, "Si mwoga! Anaogopa mjane atazeeka, yeye abaki kijana!"



Nesi: "Hilo limeandikwa wapi?"

Shoga, limo kwenye kitabu cha tano. Kiko mezani kwangu, hata sijakimaliza!

Nesi akaguna. "Basi wanaume wa hivyo wapo. Wanapenda, hawasemi."

Daktari akainama kwenye vyombo vyake. Akapiga mluzi.

MLUZI, shoga! Nesi akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mimi nikaitazama taa.

Wakati wa kutoka nesi kanipa kadi ya miadi. Chini ya tarehe kaandika: "Dada mwandishi, kitabu cha tano jini aseme. Mwaka wa sita huu namsubiri wangu."