Kombania Iliyokwenda Badala Yetu

Kambini, mbele ya Sevastopol
11 Februari 1855

Mpendwa mdogo wangu Philippa,

Natumai u mzima, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina huruma. Soksi ulizonifumia zimefika; nazivaa hata nikilala.

Hugh wako yu hai. Nimetanguliza hilo ili uketi usome yaliyobaki.

Wiki hii Kanali aliamuru kombania yangu ikateke handaki la Warusi lililo mbele yetu. Nusu ya vijana wangu hawana viatu, na vidole vyao vimekuwa vyeusi. Nikamfuata hemani.

"Afande, hawa hata kutembea wanajikongoja."

"Unakataa amri, Kapteni?"

"Naomba uje uwaone miguu. Ukishaiona ukasema twende, nitatangulia mimi."

Nilijua ningeweza kuvuliwa cheo mbele ya wote. Akaja. Akainama kwa kila mmoja. Askari Tuckett akajaribu mzaha: "Hata ukiutekenya mguu huu, Afande, mwenyewe sina habari." Hakuna aliyecheka.

"Basi," Kanali akasema. "Itakwenda kombania ya Carew."

Sikuomba hilo, Philippa. Lakini nililisikia jina la Hugh, mchumba wako, na sikufungua kinywa, kwa kuwa vijana wake walikuwa na viatu.

Walitoka alfajiri. Moshi ulipopungua walirudi wachache, na Hugh hakuwamo. Nikatoka na sajini wangu, tukitambaa huku risasi zikichimba matope kando yetu, tukamkuta nyuma ya ukuta uliobomoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umesagika. Daktari ameukata.

Jana homa ilimpanda nikadhani tumempoteza. Leo imeshuka, nami nikamweleza kwa nini alipelekwa yeye.

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo," akasema. "Ila leo usikae karibu nami, Edmund."

Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita: "Mwambie Philippa sitaweza tena kumbebea kapu na mwavuli kwa pamoja. Achague kimoja, au aniache. Sitamlaumu."

Nimeona ulisikie hili kwangu, si kwa mtu mwingine. Mimi usiponijibu nitaelewa. Yeye mjibu, tafadhali, na upesi.

Nisalimie Mama, Shangazi Dorcas na Mzee Pascoe wa bustanini. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Edmund