Masizi ya Bunduki Yako, Baba

Chara
Jumatano, 10 Juni 1998. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu mpaka saa mbili, kisha upepo wa kusi.

Baba,

Leo sikuandika ndani ya daftari langu. Nimechana karatasi za katikati nikuandikie wewe, maana mambo ya leo sina mwingine wa kumweleza. Nitayapanga kama ulivyotaka siku zote: kwanza nini, halafu nini. Nikikosea mpangilio unisamehe. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya taa na kichwa changu kimechoka.

Kesho naipeleka bunduki yako Garsen.

Wiki iliyopita nilikwenda kituoni na leseni yako. Tangu maji ya Elnino barabara haijawa barabara, kwa hiyo nililala kwa shangazi nikarudi siku ya pili. Afande wa ghala la silaha ni mtu mnene mwenye sauti ya upole. Aliisoma leseni mbele na nyuma, akasema pole kwa msiba, akanipa siku ya kuileta. Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile ya upole: "Bunduki ya marehemu hailii, dada. Mimi nitaifungua nichungulie. Nikikuta imelia baada ya mwenyewe kuzikwa, mtu wa hiyo nyumba atalala ndani."

Nilimjibu bila kusita kwamba haijalia, kwamba tuliisafisha na marehemu mwenyewe.

Na ni kweli tuliisafisha. Unakumbuka? Ulikuwa huwezi tena kukaa, homa imekumaliza. Ukaniambia nitandike mkeka kando ya kitanda chako niifungue hapo ukiwa unaona. Ulikuwa ukinyoosha kidole tu. Mtutu. Pistoni. Ule mrija inamokimbia pistoni. Nilipodhani nimemaliza nilikupa kitambaa, ukakinusa, ukafumba macho. "Bado, mama. Harufu bado." Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tatu kitambaa kilitoka cheupe na ukasema sasa unaweza kulala. Sikujua unasema usingizi gani.

Kwa hiyo leo asubuhi nilitoa sanduku la bati chini ya kitanda nikiwa na kazi ndogo tu, kuipaka mafuta ya cherehani na kuifunga kwenye gunia safi. Nikavuta kile chuma cha kupakia. Hakikuja. Nikavuta kwa nguvu, kikaja nusu, nikaona ganda la risasi limenasa mdomoni, limepindika. Nikalitoa kwa koleo. Nikatazama ndani ya mtutu kuelekea dirishani. Mweusi, Baba. Mweusi kama bomba la taa lisilofutwa mwezi mzima.

Nilikaa kitako. Nilifikiri labda nimechanganyikiwa, labda ile siku ya kitambaa cheupe niliiota.

Ufunguo wa sanduku anao Mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anachambua mchele. Unajua eda yake haijafika hata nusu, kwa hiyo mlango ndio mwisho wa dunia yake siku hizi. Nikamwonyesha ganda. Hakuacha kuchambua.

"Alikuja usiku ule ulipolala Garsen," akasema. "Yule kiboko mkubwa, mwenye sikio lililochanika. Nimepiga sufuria, akanitazama tu. Nimemwita ami yako Komora, akajifanya amelala. Nifanye nini? Yale mahindi nimeyapanda na baba yako, maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu."

"Mama, wewe uko edani!"

"Sikutoka nje. Nilisimama ndani ya mlango. Mtutu tu ndio uliotoka."

Baba, nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, halafu sikuweza kujua ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio. Mama naye akashusha leso begani akanionyesha. Bega zima lina rangi ya zambarau iliyoiva. "Nilipiga mpaka ikakataa," akasema. "Mume wangu alipiga hii miaka yote, na hakuniambia hata siku moja kwamba inauma."

Mama! Aliyekuwa akiiita mke mwenzake. Aliyekuwa akipita na ndoo yake na kukuuliza, "Mke mwenzangu ameshakoga, au nikuleteeni maji ya moto nyote wawili?"

Basi nilifunga mlango wa nyuma nikatandika mkeka.

Zile risasi zililowa wakati wa mafuriko. Ulinionya kwamba risasi iliyoingia unyevu huungua vibaya na kuacha uchafu mwingi, na kwamba bunduki hii haivumilii uchafu, kwa sababu moshi wake ndio unaoifanyia kazi. Moshi unapenya vile vitundu vya chini ya mtutu, unaisukuma pistoni, ganda linaruka na risasi nyingine inapanda. Vitundu vikiziba, pistoni inasukumwa nusu nusu, na hapo inakataa. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikueleza kwamba ule moshi unaitwa gesi yenye shinikizo, ukacheka. "Kumbe nimekuwa nikifanya fizikia bila kulipa ada!"

Masizi mapya hutoka kwa kitambaa na mafuta ya taa. Haya hayakuwa mapya. Yamekaa sandukuni wiki nzima na unyevu wa mto, yameganda kwenye shingo ya pistoni kama ukoko kwenye sufuria. Niliilaza pistoni ndani ya kopo la mafuta ya taa mpaka mafuta yakawa kama wino. Nikaitoa, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Ukapungua ukoko wa juu, wa chini ukabaki. Nilitamani kuchukua zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Ulinikataza, kwa sababu zinakwaruza, na mkwaruzo ndio kitanda cha masizi yajayo. Nikachonga kipande cha shaba, nikakwangua pole pole, nikizungusha, nikarudisha koponi, nikakwangua tena. Vile vitundu nilivizibua kwa waya mwembamba wa shaba. Mtutu niliupitishia ufito na kitambaa, kitambaa juu ya kitambaa, mpaka shuka yako ya zamani ikaisha upande mmoja.

Kila nilipofikiri nimefika, naona mstari mwingine mweusi. Nikawa naona uso wa yule afande akichungulia. Nikawa naona Mama amekaa kwenye sakafu ya seli na leso yake nyeupe, na hajamaliza eda. Nilitaka kukuuliza kama mstari ule ni masizi au ni rangi ya chuma chenyewe. Wewe ungejua kwa kugusa. Mimi niligusa, nikagusa, sikujua.

Adhuhuri ikanikuta hapo. Ndipo Ami Komora akabisha hodi na kuingia kabla hajajibiwa, kama kawaida yake. Nilitupa leso juu ya vyuma vyote. Ndugu yako akakaa mkekani, nusura aukalie mtutu.

"Mnapika nini kwa mafuta ya taa?" akauliza.

"Tunaosha vyombo vya marehemu," Mama akasema.

Ami akavuta pumzi ndefu. "Vizuri. Usiku ule huyu Maryamu yuko Garsen, shemeji, ulisikia ngurumo? Masika mengi nimeona, lakini ngurumo ya nyumba moja tu sijaona." Mama akaendelea na mchele wake. Nikafahamu kwamba anajua, na kwamba pengine mtaa mzima unajua, na kwamba wote wamenyamaza kwa ajili ya mahindi yao.

Halafu akanigeukia mimi, na mzaha ukamtoka usoni. Akaniomba niiache bunduki mpaka mahindi yakauke. Akasema nani atakuja Chara kwa matope haya kutafuta bunduki ya maiti. Akasema tangu uondoke, shamba lake limeliwa upande wa mto wote, na la jirani yake limebaki mashina. "Kama mama yako anaweza kupiga akiwa mlangoni, hata mimi nina mlango!"

Nikamwambia habari za afande. Nikamwambia leseni ilikuwa ya jina lako na imekufa na wewe, na wakimkuta nayo yeye ndiye atakayefungwa, na kama si yeye basi Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme ukweli. Kisha akasimama akajipangusa kikoi.

"Wewe umesoma, Maryamu. Tatizo kiboko hajasoma."

Akaondoka bila kunywa chai. Ami Komora, bila kunywa chai! Ndipo nikajua nimemuumiza kweli.

Kila ninachokifanya kinamdhuru mtu. Nikiipeleka, nawaachia wenye mashamba sufuria na vijinga vya moto. Nikiiacha, nampeleka Mama ndani. Ulipokuwa hai, watu walilala kwa sababu wewe hukulala. Ulikuwa ukitoka jioni na koti lako la kijeshi lisilo na vifungo, unafyatua moja juu ya maji, na wenye mashamba wanageukia upande wa pili wa kitanda. Hatukujua kwamba mto mzima ulikuwa umezuiliwa na mtu mmoja mwenye kikohozi.

Saa kumi kitambaa kilitoka cheupe. Nilikinusa kama ulivyokuwa ukikinusa. Mafuta ya taa tu. Niliirudisha pistoni, ikateleza bila kukwama, nikavuta chuma cha kupakia, kikaenda na kurudi kwa ule mlio wako. Mama aliposikia mlio huo aliacha kuchambua, akainamisha kichwa. Nikaipaka mafuta, nikaifunga ndani ya gunia, nikaikaza kwa kamba. Yale maganda matatu Mama alikuwa ameyaficha ndani ya mtungi wa unga. Nimeyatupa chooni pamoja na lile lililonasa. Afande atachungulia na ataona chuma safi. Naamini hivyo. Sina hakika, lakini naamini.

Baada ya Isha akaja yule mwenye sikio lililochanika.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia. Tulimsikia akipanda ukingo, halafu tukasikia mahindi yakivunjika, yale ya mstari wa mwanzo, karibu na mfereji. Nilitoka na sufuria mbili na kijinga. Nilipiga, nilipiga kelele, nilimtukana kwa matusi ambayo hukunifundisha. Kutoka kwa Ami Komora na kwa jirani yake watu nao walikuwa wakipiga masufuria. Hakuinua hata kichwa. Nikamtupia kijinga kikazimika kwenye matope. Sikuthubutu kusogea zaidi.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

"Iko wapi?"

"Imefungwa, Mama."

"Safi?"

"Safi."

"Basi huo usafi wako utatulisha nini?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Tumekaa sakafuni bega kwa bega, gunia liko nyuma yetu, na tumemsikiliza akila. Anatafuna pole pole. Sikuwahi kujua kwamba kiboko hutafuna kwa sauti ya mtu aliyetulia. Wakati wako hukutuacha tumsikie.

Nilitaka kukuuliza ungefanya nini kama ungekuwa mimi, lakini ingekuwa wewe ungetoka tu.

Nakuahidi hili, kwa sababu kubwa kuliko hili siliwezi: Mama hatalala ndani. Nitaikabidhi kwa mkono wangu, nitaulizwa mimi, nitajibu mimi. Nikirudi tutaingia shambani, mimi na Ami Komora akinikubali, tuvune mabichi yaliyobaki, hata yenye punje za maziwa. Tutayachemsha. Hayatafika ghalani, lakini yatapita mdomoni mwa watu kwanza.

Pumzika, Baba. Usituamkie. Mungu akunyooshee pale ulipolala.

Mwanao,
Maryamu

Saa sita na nusu usiku. Shambani kumenyamaza. Sijui kama ameondoka au ameshiba. Mama amesinzia ameegemea ukuta. Nazima taa, nalala.