Bia Niliyojimiminia Seoul

Mjukuu wangu Wani,

Bibi yako ameanika bamia hapa mtaani kwetu Munuki na anakusalimu sana. Unauliza kama uende kilabuni na wenzako wa kazini, ilhali huna mtu wa kwenu huko Seoul.

Nilifika huko miaka ya sabini, msomi mpya mwenye kiburi. Mbele ya bia rahisi na ngisi wa kuchoma, nilibishana na mzee mmoja, fundi viatu, hadi rafiki zake wakamcheka. Nikajimiminia bia ya ushindi. Akaudaka mkono wangu.

“Kijana, hapa mtu hajimiminii! Unataka tudhani huna mwenzako?”

Akanijazia glasi kwa mikono miwili. Nikachukua chupa, nikamjazia na yeye.

Nenda, Wani. Ukiona glasi ya jirani imekauka, usingoje kuombwa.

Babu yako