Injini Ile Ile

Jumanne, jioni. Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, na mvua inatutania tu.

Nimeosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nimepanga makaratasi, nimeyapangua. Binti yangu Neema kaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina pikapu iliyofunguliwa kwenye gereji moja Raskazone, na fundi amesubiri jibu langu tangu Jumamosi. Leo nimempa, na bado situlii.

Pikapu ndiyo inayotulisha. Nachukua machungwa Muheza nawaletea wauza juisi wa hapa Tanga. Msimu unaanza baada ya wiki mbili. Nikikosa gari, wateja watachukua kwa mwingine, na wakishazoea huko hawarudi.

Injini imechoka. Mita ya kilomita ilipita laki nne halafu ikakataa kuhesabu, nadhani ilinionea huruma. Oili inakunywa, moshi inatoa, kilimani inapandishwa kwa dua. Fundi Salimu alinionyesha silinda zake kwa tochi. "Mama Neema, zimelika hizi. Nikizichonga haibaki nyama. Ukitaka nitaisuka upya hii hii, ila sikuahidi kama itamaliza mwaka. Chukua injini ya mtumba, naifunga siku mbili, unaenda zako."

Mtu mwenye akili zake angejibu pale pale. Mimi nikasema nipe nifikirie.

Watu nimewaambia siziamini injini za mtumba, hujui zimetolewa kwenye gari gani. Uongo mtupu. Ukweli nauandika hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Injini nyingine ina namba nyingine, na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kadi ina jina la Baba Neema. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Karatasi za mirathi zimo kwenye bahasha kabatini, zote, zimekamilika. Nilitakiwa kuzipeleka ofisi ya mapato nibadilishe jina. Sijaenda. Nikienda nitaulizwa mwenye gari yuko wapi, nitalazimika kujibu, na kadi nitakayorudishiwa haitakuwa na jina lake.

Injini ikisukwa, namba inabaki. Hakuna anayeuliza kitu.

Ndiyo sababu. Naona aibu hata kuisoma.

Na tena niliipenda injini yenyewe. Ndiyo iliyotupeleka Moa, nyumbani kwao Baba Neema, wiki ile tuliyofunga ndoa. Neema alipokuwa darasa la pili ilizima, Baba Neema akakaa nayo Muheza siku nne kwa fundi wake, Mzee Mhina. Akarudi na mikono myeusi, akaniambia imesukwa, iko kama mpya. Tangu hapo kila anayeisifu pikapu namjibu: injini ile ile, haijawahi kutolewa.

Leo mchana nimepeleka kadi gereji ili Salimu aone aina ya injini, endapo nitakubali. Akachukua brashi na petroli, akasugua ubavu wa injini mpaka namba ikatokea. Akawa anasoma kwa sauti, mimi namfuata kwenye kadi kwa kidole. Tarakimu ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Akarudia polepole kama anamsomea mtoto. Kidole changu kilikuwa bado pale mwanzoni.

"Mama, kadi hii siyo ya injini hii."

Nikampigia Mzee Mhina hapo hapo. Nikampa shikamoo yake, nikamwuliza. Akacheka kicheko chake kilichochanganyika na kikohozi. "Mama Neema, ile ya kwanza ilikufa kitambo. Aliiendesha haina maji toka Moa mpaka ikaungua. Tukafunga nyingine. Akaniapisha nisikwambie, ati utamsema mwaka mzima. Na kadi akasema ataibadilisha wiki ijayo."

Wiki ijayo!

Nimecheka mpaka Salimu akaniletea kiti. Kisha nikalia. Na nimekasirika pia, sifichi. Miaka yote hiyo naisifia injini mbele za watu, na yeye kasimama pembeni anaitikia kwa kichwa! Ningemsema, ni kweli. Mwaka usingetosha.

Lakini nimemkumbuka jinsi alivyorudi siku ile, anapiga honi toka kona ya barabara, na kesho yake akaenda kupakia machungwa. Injini ilikufa, akaweka nyingine, akaendelea na kazi. Alichoogopa ni mimi na kadi. Nikamwambia Salimu afunge ya mtumba.

Nilipokuwa naondoka nikaliona kopo la nati za pikapu yangu, limebandikwa karatasi iliyoandikwa BABA NEEMA. Salimu hajawahi kumwona Baba Neema. Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo.

Nimeibandua. Nikaomba kalamu na karatasi nyingine, nikaandika jina langu mwenyewe, ESTA. Herufi zimepinda kidogo, ila zinasomeka.

Sasa bahasha iko mezani na kila nikipita naigusa. Kesho asubuhi naipeleka ofisi ya mapato, na nalifikiria dirisha la pale na foleni nyuma yangu. Nikiulizwa, je, sauti itatoka? Nimeamua nijizoeze. Nimesimama jikoni na sahani mkononi, nikasema gari sasa ni langu, aliyeandikwa kwenye kadi amefariki. Nikasema tena. Mara ya nne sauti haikukwama.

Mara ya tano Neema akaitika kutoka chumbani kwake:

"Tumesikia, mama."